Vipimo Kutoka Ukutani

Kilichoanza ni pini. Fundi alikuwa ameshasimamisha cherehani, anatafuta uzi wa kijani, na pini zilizokuwa kwenye kopo la bati zikaendelea kutetemeka zenyewe. Zilitoa mlio mdogo tu, wa kuudhi. Akaweka kiganja juu ya kopo, zikatulia. Akaondoa kiganja, zikaanza tena.

"Gari kubwa limepita," akajiambia.

Hakuna gari kubwa lililopita. Mtaa ule siku hizi magari hayaingii. Kamati imesimamisha nguzo za chuma kila upande ili watu watembee kwa miguu na kupiga picha. Fundi alilijua hilo vizuri, maana hakuna aliyelalamika kumzidi, kwa kuwa majora yake ya vitambaa sasa ilibidi ayabebe begani kutoka barabara kuu. Lakini alitaka liwe gari, basi likawa gari.

Ule ndio mji wa kale, au tuseme mji mpya uliovishwa nguo za mji wa kale. Tetemeko liliuangusha kwa dakika moja na ushee, saa tisa na robo alasiri, miaka minne nyuma. Kisha wakaja wataalamu na picha za zamani, wakajenga kila kitu pale pale kilipokuwa. Mawe yaliyosalimika yaliandikwa namba kwa rangi nyeupe, na kila jiwe likarudishwa mahali pake. Hata kibaraza cha juu cha duka la dawa, ambacho kilikuwa kimeinama tangu enzi za mababu, kilijengwa kikiwa kimeinama. Mtu mwenye akili zake angetumia nafasi ile kukinyoosha, lakini kamati ilisema asili ni asili.

Ndivyo duka la fundi lilivyorudi na chumba cha kujaribia nguo kwenye kona ile ile. Alikwenda kamatini mara mbili kuomba wakiondoe. Mara ya pili alilia mbele yao. Wakampa maji ya kunywa, wakamwambia pole sana, wakamwonyesha kwamba chumba kipo kwenye ramani.

Mkewe alifia ndani ya chumba kile. Siku hiyo alikuja kujaribu gauni la buluu aliloahidiwa kwa miezi sita. Mke wa fundi ndiye wa mwisho kushonewa, nani asiyejua. Gauni lilikuwa limeshikizwa kwa pini kila mahali, na zipu hakuna. Fundi akamwambia, "Kaa hapo hapo, usitoke, pini zitakuchoma. Nafuata zipu, narudi sasa hivi." Akavuka barabara. Alikuwa ameshika zipu mbili, analinganisha rangi, ardhi ilipoanza.

Watu wa mtaa ule walichimba kwa mikono siku za kwanza kabla msaada haujafika, wakajiwekea utaratibu wao. Filimbi moja fupi ilimaanisha kila mtu anyamaze, hata anayelia. Halafu mmoja anagonga mara tatu kwenye bomba au nondo, na wote wanasikiliza. Ukisikia tatu kutoka chini, unajibu tatu papo hapo, ili aliyefukiwa ajue amesikika. Kutojibu ilikuwa dhambi kubwa kuliko zote. Filimbi tatu ndefu zilimaanisha hapa hakuna tena mtu hai, mashine ije. Hizo zilipigwa kwa hofu sana, kwa sababu ukizipiga mahali penye mtu, umemzika wewe mwenyewe.

Fundi alisikia tatu. Siku mbili nzima alilala kifudifudi juu ya kifusi na nyundo yake, anagonga, anajibiwa, anacheka na kulia kwa pamoja. Mpiga filimbi alipokaribia alimfukuza kwa nyundo ile ile. Siku ya tatu usingizi ukamchukua. Alipoamka mashine ilishafika bila filimbi kupigwa, na chini kulikuwa kimya. Mkewe walimtoa jioni ile, na gauni lake na pini zake. Tangu hapo hakuna siku fundi aliyolala bila kujiuliza kama mkewe alinyamaza kwanza, au alinyamaza kwa sababu mumewe alilala.

Sasa mtu kama huyo, ukimgongea ukuta mara tatu, unategemea afanye nini?

Ilikuwa kesho yake, baada ya siku ya pini. Saa tisa na robo, jua kali nje, watu wanapita na miavuli yao, na kopo likaanza kulia. Kisha ukuta wa chumba cha kujaribia ukagonga. Moja, mbili, tatu. Fundi hakufikiri. Mkono ulikuwa umeshashika mkasi na mkasi umeshagonga ukuta mara tatu kabla kichwa hakijajua kinachoendelea. Mtaa mzima ule, hakuna ambaye asingejibu.

Siku iliyofuata zilikuja tatu, kimya kidogo, halafu ukuta ukaanza kugonga mfululizo bila kusita. Mtu mwingine angesikia kelele tu. Fundi alihesabu. Thelathini na nane, ukuta ukapumzika. Thelathini na mbili, ukapumzika. Arobaini na mbili, ukanyamaza.

Fundi akakaa sakafuni. Kifua thelathini na nane, kiuno thelathini na mbili, nyonga arobaini na mbili. Hakuhitaji kufungua daftari la vipimo. Namba zile alizijua kuliko namba yake ya simu, maana ndizo alizomshonea mkewe gauni la harusi.

"Nimekusikia, Mama Bobini," akamnong'oneza mkewe, mdomo karibu na lipu. "Safari hii zipu ninayo."

Jioni ile alinunua kitambaa cha buluu, na asubuhi akakikata. Furaha ilimjaa mpaka akaona aibu. Alinyoa ndevu. Alianza kuimba kwenye cherehani, yeye ambaye kwa miaka minne alikuwa akijibu wateja kwa kutikisa kichwa.

Jirani yake upande wa kulia alikuwa Kinyozi, mtu wa maneno mengi, mwenye redio iliyopiga kelele tangu anafungua duka mpaka anafunga. Akachungulia mlangoni.

"Jirani, siku hizi unang'aa. Harusi lini, tujiandae?"

"Acha utani. Punguza redio yako kwanza."

"Redio sipunguzi," Kinyozi akasema, na hapo hapo tabasamu likamtoka usoni. "Kila kitu uniombe, lakini si redio."

Fundi hakuuliza kwa nini. Alikuwa na pindo la kukunja.

Siku ya tatu namba zilikuja pungufu. Thelathini na saba, thelathini na moja na nusu, arobaini na moja. Ile nusu iligongwa polepole, kwa ukucha. Fundi akasimama na chaki mkononi, akafikiri, kisha akaelewa, au alidhani ameelewa. Siku zote zile chini bila chakula, mtu lazima akonde. Machozi yakamlengalenga. Akafumua mishono ya ubavuni, akabana inchi moja. Siku ya nne akabana tena. Kila alasiri alifumua na kubana, na kila alasiri alisema, "Pole, mke wangu," na pini kwenye kopo zilimjibu.

Kosa kubwa zaidi alilifanya kwa nia njema. Alimwambia mama mkwe wake.

Walikuwa wanaishi pamoja, yeye, binti yake na mama mkwe, kwenye nyumba ndogo walizojengewa waliobomokewa, mbali na mji wa kale, kwenye uwanja ambako kabla ya hapo yaliota majani tu. Hakuna mtu aliyewahi kufa pale. Binti alikuwa na miaka tisa. Walimwita Bobini, kama kile kigurudumu cha uzi cha cherehani, kwa sababu hakutulia, anazunguka siku nzima. Bibi yake ndiye aliyemlea, na alimlea vizuri, lakini tangu mazishi ya mwanawe alikuwa akizungumza kidogo sana, na kuhusu yale mazishi hakuzungumza kabisa.

"Mama," fundi alimwambia wakiwa jikoni, "usinione mwendawazimu. Anagonga."

Bibi hakuuliza nani. Aliweka kisu chini, akafuta mikono. "Saa ngapi?"

Alasiri iliyofuata alikuja dukani. Ukuta ulipogonga, alipiga magoti kwenye chumba cha kujaribia, akajibu tatu kwa kifundo cha kidole, kisha akaweka mdomo kwenye lipu na kusema maneno ambayo fundi hakuyasikia. Fundi alisogea pembeni kwa heshima. Mama na mwanawe, alifikiri, hayo hayanihusu.

Bibi alirudi nyumbani akiwa mtu mwingine. Alifagia chumba cha nyuma kilichokuwa stoo, akatundika kioo kirefu ukutani na pazia mlangoni.

"Chumba cha nani hicho, mama?" fundi akauliza.

"Cha mgeni," Bibi akasema, akatabasamu. Fundi alifurahi kumwona anatabasamu, akaishia hapo.

Alasiri ya kumi na mbili dukani aliingia Mama Sikio kuchukua sketi yake. Huyu ndiye aliyesikiliza kuliko wote siku zile za kifusi. Alikuwa analaza sikio kwenye bomba la maji na kusema, huyu yupo mita mbili, mwanamume, ana kiu, wakichimba wanamkuta. Alitoa watu kumi na mmoja. Filimbi ilikuwa inakaa shingoni kwake, na ndiye yule ambaye fundi alimfukuza kwa nyundo. Tangu hapo walisalimiana kwa adabu na hawakuzungumza lolote.

"Sketi yangu imepona?" akauliza.

"Zipu mpya, ukitaka uvae mpaka uzeeni."

"Uzee ulishafika, wewe hujauona tu." Macho yake yakaenda kwenye kibao cha kutundikia nguo. "Gauni zuri lile. Umemshonea Bobini?"

"Hapana. La mtu mzima hilo."

Mama Sikio akacheka. "Mtu mzima gani, wa kubebwa mgongoni?"

Fundi akageuka kulitazama gauni, na kwa mara ya kwanza katika siku kumi na mbili akaliona. Alikuwa amelibana kidogo kidogo hivi kwamba macho yake hayakuwahi kushtuka, na sasa lilikuwa linaning'inia pale, jembamba, mabega finyu, gauni la mtoto wa shule. Akachukua futi. Kifua ishirini na sita. Kiuno ishirini na nne. Nyonga ishirini na nane. Akafungua daftari la vipimo, ukurasa wa mwezi wa kwanza, pale alipoandika sare za shule. Bobini: ishirini na sita, ishirini na nne, ishirini na nane.

Pini zikaanza kulia kwenye kopo.

Mama Sikio alisimama wima, kichwa kimeinama upande, kama alivyokuwa anasimama juu ya kifusi. "Nani anagonga?" akasema kwa sauti ya chini.

"Na wewe unasikia?"

"Usijibu."

Mkasi ulikuwa umeshapanda. Alimdaka kifundo cha mkono, akakishika kwa nguvu ambayo fundi hakutegemea kwa mama wa umri ule, na wakasimama hivyo hivyo, wawili, katikati ya duka lenye jua, huku ukuta ukigonga tatu, ukingoja, ukigonga tatu tena, na harufu ikatoka nyuma ya pazia, harufu ya lipu iliyopondwa na vumbi lenye unyevu na kitambaa kipya, ile harufu ya siku ile, ambayo watu wa mtaa walioga ili iwatoke na kuiosha kwenye nguo na kuitema kwa wiki nzima na hawakuisikia tena tangu hapo, na pazia likajaa kwa mbele taratibu, kwa urefu wa mtu aliyesimama, halafu sauti ya mkewe ikasema kutoka nyuma yake, bila hasira, kwa uchovu tu:

"Umepata zipu?"

Fundi alitoa mlio wa mnyama.

"Usijibu," Mama Sikio akanong'ona sikioni mwake. "Nakuomba, baba. Huyo si mkeo."

"Ni sauti yake."

"Sauti ni yake. Yeye siye."

Pazia likalegea. Kwenye duka la jirani redio ilikuwa inatangaza mpira.

Walikwenda kukaa nje, kwenye ngazi ya mlango. Mama Sikio akawa anazungusha ufunguo wa nyumba yake kidoleni.

"Kuna jambo nilikuficha," akasema. "Siku ile ya kwanza, kabla hujaanza kugonga, nililaza sikio pale. Hakukuwa na mtu. Mkeo alikufa palepale, fundi, hakuteseka hata kidogo. Nilikuja na filimbi kukuambia, ukaninyanyulia nyundo."

"Alinijibu. Siku mbili alinijibu!"

"Ulijibiwa. Sikusema hukujibiwa."

Fundi akamtazama.

"Ardhi ikipasuka, si watu peke yao wanaotoka," Mama Sikio akasema. "Kuna vya chini huko ambavyo havijawahi kuona mtu. Jini wa huko hajui kugonga, hajui tatu ni nini. Wewe ulimfundisha. Siku mbili ulimfundisha, na ukampa na hamu yako yote. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa unacheka, na mimi nilikuwa nimechoka kuwaliza watu. Nisamehe."

"Anataka nini kwa mwanangu?"

"Sijui. Mtu aliyekaa gizani anataka nini? Pa kukaa penye joto, nadhani." Akasimama. "Mahali pako hapajawahi kufungwa. Kila mahali nilipiga filimbi tatu, isipokuwa hapa. Kesho, saa ile ile, utaipiga wewe mwenyewe. Lakini tutapigia nje, na ndani asibaki mtu hata mmoja. Tatu ndefu zinasema hapa hakuna aliye hai, na zikishasema, ndivyo inavyokuwa. Unanielewa?"

"Naelewa."

"Na gauni liache lilipo. Tutalichoma baadaye."

Nyumbani jioni ile fundi hakusema kitu. Aliogopa kumvunja moyo Bibi, aliyekuwa anaimba jikoni. Alimtazama Bobini akila, akamtazama akifanya hesabu zake za shule, na kila alipogeuka alimkuta yupo, mzima, mikono ina wino. Aliona haya kwamba kwa siku kumi na mbili hakuwa amemtazama mtoto huyu hata mara moja.

Kesho yake mchana alifunga duka mapema, akaacha ufunguo kwa Kinyozi kama kawaida, akaenda kumchukua Mama Sikio nyumbani kwake. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Waliporudi, saa tisa na dakika chache, walimkuta Kinyozi amesimama nje ya duka lake, wembe mkononi, uso umempauka. Redio yake ilikuwa imekufa.

"Na kwangu wanagonga," akasema kabla hajaulizwa. "Tangu tulipofungua. Kaka yangu, yule aliyefia humu. Mimi sijajibu hata siku moja, jirani, wallahi, ndiyo maana ile redio." Akaanza kulia waziwazi. "Sijajibu, na sijalala."

Mama Sikio akamshika bega. "Umefanya vizuri. Na wewe zamu yako inakuja."

Walifungua milango ya duka la fundi yote miwili, wakasimama ngazini. Watu waliokuwa wakipita walisimama pia. Wageni waliendelea kupiga picha, lakini wenyeji waliiona filimbi, na mmoja mmoja wakanyamaza. Mwenye duka la dawa alivua miwani. Fundi alishika filimbi ile ya bati, iliyochakaa mdomoni, na akajua kwamba akiipuliza mkewe atakuwa amekufa, wala si miaka minne nyuma, bali leo, kwa pumzi yake yeye mwenyewe. Alimpenda sana mwanamke yule. Alitamani kumwambia kwamba ile zipu ya buluu iliyoiva ndiyo iliyolingana, na kwamba alikuwa ameshaichagua.

Saa tisa na robo ikafika. Akapuliza. Moja, ndefu, mpaka kifua kikauma. Ya pili. Ya tatu aliipuliza akiwa amefumba macho, machozi yanaingia mdomoni, na aliposhusha mkono hakukuwa na sauti yoyote mtaani isipokuwa njiwa juu ya kibaraza kilichoinama.

Pini hazikulia. Ukuta haukugonga. Mama Sikio akaingia peke yake, akalaza sikio kwenye lipu ya chumba cha kujaribia, akakaa hapo muda mrefu.

"Hapa hamna kitu," akasema.

"Ameondoka," fundi akasema. "Amekwisha ondoka!"

Mama Sikio hakutabasamu. "Nimesema hapa hamna. Na hapakuwa na kitu hata kabla hujapiga. Ukuta umepoa kitambo." Akageuka kutazama kibao cha nguo. "Fundi, gauni uliliweka wapi?"

Kibao kilikuwa kitupu.

"Si Bibi alilichukua," Kinyozi akasema kutoka mlangoni, akifuta pua. "Alipita mchana na mtoto, wanatoka shule. Nikampa ufunguo. Anasema mtoto anakwenda kujaribu. Nimekosea?"

Fundi alishakimbia. Alikimbia kati ya nguzo za chuma na kuwapiga kumbo watu wenye kamera, filimbi imebanwa kwenye ngumi, akavuka barabara kuu bila kutazama, akapita soko na kituo cha mafuta na shule iliyokwisha fungwa, na njia nzima alikuwa anasikia yale maneno ambayo hakuyasikia siku ile, yale Bibi aliyoyasema ukutani akiwa amepiga magoti, maana sasa aliyajua bila kuambiwa, ni maneno ambayo mama yeyote angemwambia mwanawe aliyekwama mahali pabaya, naye ndiye aliyempeleka Bibi pale, yeye ndiye aliyesogea pembeni kwa heshima, na aliposukuma mlango wa nyumba yake, nyumba ya miaka mitatu iliyojengwa kwenye majani ambapo hakuna mtu aliyewahi kufa, harufu ya lipu iliyopondwa ilimpiga usoni.

Pazia la chumba cha nyuma lilikuwa limefungwa. Bibi alikuwa amekaa nje yake kwenye kigoda, sindano na uzi wa buluu mapajani, uso unang'aa kwa furaha.

"Shh," akasema. "Amekuja. Nilimwambia, twende nyumbani mwanangu, usikae huko chini. Akasema hana cha kuvaa."

"Bobini yuko wapi, mama?"

"Yumo humo, ananijaribia pindo." Akainua sauti kidogo, sauti laini ya mtu anayebembeleza. "Kaa hapo hapo, usitoke, pini zitakuchoma."

"Baba?" Bobini akaita nyuma ya pazia. "Njoo uone. Limenitosha kabisa. Lakini ni baridi."

Fundi akashika pazia, akalivuta. Pazia halikuja. Lilikuwa jembamba kama shuka, na halikuja, na upande wa pili aliona maumbo mawili, dogo limesimama mbele ya kioo, na jingine refu nyuma yake, limeinama, linalinyoosha gauni mabegani. Akaita jina la mwanawe. Akaweka filimbi mdomoni. Alivuta pumzi mpaka mbavu zikajaa, na hapo ndipo alipokumbuka filimbi tatu zinasema nini, na zinasema kuhusu nani.

Hakuipuliza. Alisimama na ile pumzi kifuani, hawezi kuitoa na hawezi kuimeza.

Ndani, ukutani, kitu kikagonga. Moja, mbili, tatu.

Na Bobini, mtoto wa mtaa ule, aliyefundishwa tangu ana miaka mitano kwamba anayegonga lazima ajibiwe, akajibu kwa kisigino.